UCHAMBUZI: Anayesaka kazi huulizwa yote, mwajiri haulizwi lolote

KIJANA wa Kenya anapoitwa kwa mahojiano ya kazi, hufika akiwa amebeba bahasha ya kaki iliyosheheni karibu maisha yake yote. Humo mna kitambulisho, vyeti vya shule na chuo, nambari ya KRA na majina ya watu watatu walio tayari kumtolea ushahidi wa tabia njema. Mara nyingi mna pia hati za kuonyesha kwamba hana deni wala doa: cheti cha maadili mema cha Idara ya Upelelezi wa Jinai, hati ya bodi ya HELB kuhusu mkopo wa masomo, hati ya ushuru, nyingine ya tume ya EACC na nyingine ya asasi za CRB zinazofuatilia wakopaji. Amezitafuta kwa nauli ya kukopa, na baadhi yazo amezilipia kutoka mfuko usio na kitu.

Mbele ya jopo huulizwa kila jambo. Huulizwa kwa nini aliacha kazi ya awali, kwa nini alikaa miaka miwili bila ajira, anaishi wapi na anaishi na nani. Ikiwa ni mwanamke, pengine huulizwa iwapo ananuia kupata mtoto hivi karibuni, swali ambalo jopo lenye kuijua sheria halingethubutu kuliuliza. Hatimaye mwenyekiti hufunga faili na kumgeukia: je, una swali lolote? Kijana, kwa kuogopa kuonekana mjuaji, hujibu kuwa hana. Huambiwa aende nyumbani, atapigiwa simu. Wengi hawajapigiwa hadi leo.

Tumezoea kuilalamikia simu hiyo isiyopigwa, na tuna haki ya kulalamika. Lakini mahojiano ya kazi yana upande mwingine ambao haujadiliwi sana, nao unamhusu yule aliyefaulu. Huyu alipigiwa simu, akashangiliwa nyumbani, akatia sahihi, kisha baada ya siku chache akagundua kwamba kazi aliyopewa siyo aliyoidhania. Je, mwajiri alikuwa na wajibu gani wa kumweleza ukweli kabla kalamu haijagusa karatasi?

Swali hilo lilifikishwa mbele ya mahakama zetu mnamo Mei 2022, wakati Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, alipowasilisha kesi katika Mahakama ya Masuala ya Ajira na Leba jijini Nairobi. Aliowashtaki ni kampuni ya Sama, yenye makao yake makuu California, na kampuni ya Meta inayomiliki Facebook. Motaung aliajiriwa mwaka 2019, akatoka kwao na kuja Nairobi, ambako Sama ilikuwa na kandarasi ya kukagua maudhui ya Facebook kutoka nchi kadhaa za Afrika. Wenzake walitoka Ethiopia, Uganda, Somalia na kwingineko, kila mmoja akitafutwa kwa sababu ya lugha aliyoimudu.

Mkaguzi wa maudhui ni mtu anayetazama picha, video na maandishi yaliyowekwa mtandaoni ili aamue iwapo yaondolewe. Kwa maneno mengine, yeye hutazama ili mimi na wewe tusitazame. Motaung amesimulia kwamba video ya kwanza aliyokutana nayo kazini ilikuwa ya mtu akikatwa kichwa. Katika madai yake alisema kwamba hakuwa ameelezwa hasa ni mambo ya aina gani angeyatazama, na kwamba alikuja kufahamu baada ya kutia sahihi hati ya kutunza siri, akiwa tayari yuko ugenini. Baadhi ya waliofanya kazi hiyo nao walidai kuwa waliitikia wito wa ajira wakidhani wanakwenda kuhudumia wateja kwa simu.

Kampuni hizo mbili zilikanusha madai hayo. Sama ilijitetea kwamba iliwalipa wafanyakazi wake vyema na kuwapa huduma za ushauri nasaha. Meta kwa upande wake ilisema haikuwa mwajiri wa Motaung na kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu ya kampuni isiyosajiliwa humu nchini. Hoja hiyo ya mamlaka haikufua dafu. Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri aliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono msimamo huo. Uamuzi huo haukusema nani mkweli na nani mwongo kuhusu yaliyotendeka. Ulisema tu kwamba kesi isikizwe.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu kesi hii yamejikita katika mambo mawili, malipo na maradhi. Ni kweli kwamba yote mawili ni mazito. Jarida la TIME liliripoti Februari 2022 kwamba baadhi ya wakaguzi hao walikuwa wakipata takriban dola 1.50 kwa saa. Desemba 2024 nayo ikafichuka kwamba zaidi ya wakaguzi 140 waliochunguzwa na daktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta walipatikana na maradhi ya akili yanayotokana na kiwewe, kwa mujibu wa ripoti iliyowasilishwa mahakamani. Hata hivyo, nadhani dai linalomgusa Mkenya wa kawaida kuliko yote ni lile la kwanza kabisa, la jinsi walivyoajiriwa. Si kila mtu atawahi kukagua video za mauaji. Lakini karibu kila mtu atawahi kuketi mbele ya jopo linaloijua kazi kuliko yeye.

Tugeukie sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 9, inaagiza kwamba mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kifungu cha 10 kinaorodhesha mambo ambayo lazima yawemo: majina ya wahusika, maelezo ya kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na mengineyo. Msomaji akifika hapo atashusha pumzi, aone kwamba bunge lilimfikiria. Asiishie hapo, aendelee kusoma. Kifungu hicho hicho kinaruhusu maelezo hayo yatolewe kwa awamu, mradi yawe yametolewa kabla ya miezi miwili kupita tangu mtu aanze kazi.

Miezi miwili baada ya kuanza, wala si kabla ya kuanza. Mwombaji huleta ushahidi kwamba halipiwi wala hadaiwi, kwamba polisi hawamjui, kwamba alifuzu mwaka aliosema alifuzu, na huyaleta yote hayo siku ya kwanza, mengine hata kabla ya kualikwa. Aliye upande wa pili wa meza hatavunja sheria akiandika miezi miwili baadaye maelezo ya kazi ambayo mwenzake alikwisha kuiacha nyingine kwa ajili yake. Kwa mtu aliyevuka mpaka, miezi miwili ni muda wa kutosha kumaliza akiba na kushindwa kupata nauli ya kurudi.

Isisemekane kwamba sheria haimjui kabisa mtu ambaye hajaajiriwa. Kifungu cha 5 kinamkataza mwajiri kumbagua si mfanyakazi pekee, bali pia anayetarajia kuwa mfanyakazi, iwe kwa jinsia, ujauzito, dini, asili, ulemavu au hali yake ya HIV, na kesi ikizuka ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu HIV na Ukimwi nayo inakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi hivyo kama sharti la kupewa kazi. Na mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri aweze kudai zile hati za HELB, KRA na nyinginezo pale tu anapokusudia kuandikiana mkataba na mhusika. Kwa lugha nyepesi, kazi ipatikane kwanza ndipo hati zitafutwe. Bado si ajabu kufungua ukurasa wa matangazo ya kazi ukakuta hati zote zikidaiwa pamoja na barua ya kwanza ya maombi, lakini angalau sheria ipo.

Ukizitazama hatua hizo kwa pamoja, utaona kwamba zote zinamlinda mwombaji dhidi ya maswali. Zinasema asiulizwe hili, asidaiwe lile, asipimwe kwa nguvu. Hakuna hata moja inayomlazimisha mwajiri kujibu. Mwombaji analindwa kama mtu anayeweza kuonewa, ila hatambuliwi kama mtu anayefanya uamuzi, tena uamuzi ambao pengine ndio mkubwa kuliko wote atakaoufanya mwaka huo.

Naikumbuka siku moja, miaka mingi iliyopita, nilipohojiwa na kampuni moja ya Eneo la Viwandani jijini Nairobi. Nilipoulizwa kama nina swali nilijikaza nikauliza mshahara ungekuwa shilingi ngapi. Wanajopo walitazamana, mmoja akacheka, mwingine akaniuliza kama nimekuja kutafuta kazi au kutafuta pesa. Sikupigiwa simu. Sikushangaa sana, maana nje ya mlango walikuwa wameketi wengine kumi na wawili ambao huenda hawangeuliza.

Hao kumi na wawili ndio hoja kuu ya wanaopinga mabadiliko. Watasema kwamba mtu mwenye njaa hata akielezwa kila kitu atatia sahihi, kwa hivyo maelezo yana faida gani? Hoja hii haifai kupuuzwa. Kwa mujibu wa Ripoti ya Uchumi ya 2025, kati ya nafasi mpya za kazi zipatazo 782,300 zilizobuniwa nchini mwaka 2024, takriban tisa katika kila kumi zilikuwa za sekta ya jua kali. Kazi yenye barua, malipo ya mwisho wa mwezi na bima ni chache mno, na anayeitiwa moja kati ya hizo hana nguvu za kuringa.

Hata hivyo, kutia sahihi ukijua na kutia sahihi bila kujua ni mambo mawili. Anayejua kwamba atatazama maiti saa nane kwa siku ataweza kuuliza kuhusu mapumziko, kuhusu daktari, kuhusu kama malipo yanalingana na mzigo. Ataweza kumweleza mkewe au mamaye. Yule aliye Johannesburg au Addis Ababa ataweza kuamua kwamba dhiki ya nyumbani ni afadhali. Wapo watakaokubali, na huenda ndio wengi. Lakini watakuwa wamekubali kazi yenyewe, si kivuli chake.

Kuna pingamizi la pili ambalo ni gumu zaidi, nalo halitoki kwa waajiri bali kwa watetezi wa wafanyakazi. Mnamo Januari 2020 vyombo vya habari vya Marekani na Uingereza viliripoti kwamba kampuni ya Accenture, iliyokuwa ikifanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa niaba ya kampuni kubwa za mitandao, iliwataka wakaguzi watie sahihi hati ya kukiri kwamba kazi hiyo ingeweza kuwasababishia maradhi ya akili. Huo ni ukweli umeandikwa, tena waziwazi. Ila wakosoaji walihofia kwamba lengo lilikuwa kumkinga mwajiri siku ambayo mgonjwa angekwenda mahakamani, aambiwe kuwa alijua na akakubali. Miezi michache baadaye, Mei mwaka huo, Facebook ilikubali kuwalipa wakaguzi wa Marekani dola milioni 52 ili kumaliza kesi waliyoishtakia. Ni wazi basi kwamba kumwambia mtu ukweli hakumwondolei mwajiri jukumu la kumlinda, na sheria yoyote itakayotungwa hapa haina budi kulisema hilo bila kumung'unya maneno. Vinginevyo tutakuwa tumempa mwajiri ngao na kumwita mfanyakazi shujaa kwa kuishika upande usiofaa.

Swali jingine ni nani hasa anayepaswa kusema ukweli huo. Katika kazi hizi zinazotoka ng'ambo, jopo la Nairobi linaweza kuwa na watu waungwana ambao wenyewe hawajui yatakayopita mbele ya macho ya mtu wanayemwajiri. Anayejua ni mwenye mtandao, aliye umbali wa saa kumi za tofauti ya wakati, na ambaye hakuwa chumbani. Ndiyo maana uamuzi kwamba Meta inaweza kushtakiwa una uzito kuliko unavyoonekana. Na ndiyo maana mswada wa marekebisho ya sheria za biashara uliofikishwa katika Seneti mwaka 2024 ulizua malalamiko, kwa kuwa ulikuwa na pendekezo la kuikinga kampuni ya kigeni inayotoa kandarasi isishtakiwe na wafanyakazi wa kampuni inayoipokea. Waliouunga mkono walisema utavutia wawekezaji na ajira. Huenda ungevutia. Lakini ungemwacha mwombaji akiuliza maswali kwa mtu asiye na majibu, huku mwenye majibu akiwa hafikiki.

Kesi ya pili iliyozaliwa na sakata hii nayo inahusu mlango wa ajira, safari hii ukifungwa. Januari 2023 Sama ilitangaza kwamba inaacha kazi ya kukagua maudhui, na wakaguzi wapatao 260 wakaambiwa kazi imekwisha. Kandarasi ilielekezwa kwa kampuni nyingine, Majorel ya Luxembourg. Wakaguzi wenye ujuzi wa miaka kadhaa walitarajia kwamba wangekuwa wa kwanza kuitwa. Badala yake zaidi ya 180 kati yao walikwenda mahakamani mwaka huo, wakidai miongoni mwa mengine kwamba walipotuma maombi kwa mwajiri mpya walikataliwa kwa sababu tu walikuwa wametoka Sama. Dai hilo pia lilipingwa. Lakini tazama ugumu wa kulithibitisha: mtu aliyenyimwa kazi bila kuambiwa sababu atapata wapi ushahidi wa sababu? Barua, ikiwa ipo, husema tu kwamba waliojitokeza walikuwa wengi na kwamba anatakiwa kila la heri.

Ukimya huo huo ndio unaotumiwa na matapeli. Tangu mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje imewaonya Wakenya mara kadhaa dhidi ya kazi nono za Thailand. Vijana, wengi wao wasomi wa kompyuta, walihojiwa kwa intaneti kama wanavyohojiwa na kampuni yoyote halali, wakapimwa kasi ya kuandika na Kiingereza chao, wakapongezwa. Walipofika walivushwa hadi Myanmar na kufungiwa katika majumba ya ulaghai wa mtandaoni. Baadhi waliokolewa mwaka 2025. Ni rahisi kwetu tulioketi nyumbani kuwalaumu kwa kutouliza maswali. Nasi tuliwalea katika nchi ambayo anayeuliza maswali kwenye mahojiano hapigiwi simu.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Kifungu cha 10 kingeweza kubadilishwa ili maelezo ya kazi, mahali, saa na mshahara yatolewe kwa maandishi kabla ya mtu kutia sahihi, huku mambo madogo madogo yakiachiwa ile miezi miwili. Kwa kazi zenye hatari inayojulikana, iwe ya mwili au ya akili, hatari hiyo itajwe kwa jina, na hati ya kutunza siri isitangulie maelezo hayo. Anayeajiriwa kutoka nchi nyingine aelezwe akiwa bado kwao. Na mwajiri akificha kwa makusudi, mkataba uwe ni wa kuvunjwa na mfanyakazi wakati wowote bila notisi, tena kwa gharama ya aliyeficha. Watakaosema kwamba hilo litawatisha wawekezaji watueleze ni mwekezaji gani anayetishwa na kuandika kazi yake ni nini.

Wakati hayo yakisubiriwa, ipo njia moja ambayo wasaka ajira wengi hawaifahamu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kupata taarifa zake binafsi zinazohifwadhiwa na mwingine. Alama ambazo jopo lilimpa mwombaji, maoni yaliyoandikwa pembeni mwa wasifu wake, nakala ya kitambulisho alichoacha mezani, vyote hivyo vinamhusu yeye. Anaweza kuandika barua kuviomba, na akinyimwa anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Barua yenyewe haihitaji wakili. Inahitaji jina la kampuni, tarehe ya mahojiano na ombi lililo wazi: nionyesheni mlichoandika kunihusu.